Kila Kichwa Elfu Tatu

Tumelipa elfu tatu kila kichwa, mimi na mama,
tukapewa tiketi yenye picha ya mtambo unaofuka moshi.
Mtambo wenyewe haufuki.
Umesimama ndani ya banda lake la chokaa, Bububu,
umepakwa kijani kibichi,
umesuguliwa shaba mpaka shaba inaona haya,
kama bwana harusi aliyekwisha kuvishwa joho
na bibi harusi hana habari.

Mwatima, binti wa makumbusho, sare yake pasi kali,
anatuonesha kwa kijiti cha fagio:
hili tumbo la moto, hapa maji yalichemka,
mvuke ukapanda huku ukaisukuma pistoni,
pistoni ikalitia wazimu gurudumu,
na gurudumu likayavuta maji ya chemchemi hadi mjini,
kwenye mabirika ya wenye nafasi
na mifereji ya njia panda kwa wasiokuwa nayo.
"Usiku na mchana," asema, "bila ya kupumua."
Mama akaninong'oneza:
"Ulipumua. Ndiyo kazi pekee uliyokuwa ukiifanya."

Mama ana themanini kasoro, na goti lisilokunjika.
Alikuwa akija hapa kwa miguu, kawa kichwani,
chini ya kawa muhogo wa nazi na kipande cha nguru,
chakula cha babake, Pandu Ussi, mchochea moto.
Kizingiti hakuruhusiwa kukivuka.
Aliliweka bakuli chini, akarusha kijiwe ndani,
kwani kumwita Pandu Ussi ni sawa na kuita ukuta:
mtambo ulikwisha kumla masikio.

Nyumbani alitoa salamu kama anayegombana.
Majirani walilijua deni lake la dukani
na kila siri aliyomnong'oneza mkewe usiku.
Akilala, alilala na kiganja ukutani.
Ukuta ukitetemeka, yeye akikoroma.
Siku mtambo ulipogoma, saa nane za usiku,
mtaa mzima yeye ndiye wa kwanza kukurupuka,
kiziwi,
kaamshwa na kimya.

Kifuani mwa mtambo pana kibao:
jina la kiwanda, mji wa ng'ambo, mwaka, nambari.
Nimekisoma mara mbili.
Nikazunguka nyuma, pengine huko.
Nyuma pana kutu na kiota cha manyigu.

Mama hasomi. Keshapita chini ya kamba ya USIGUSE,
goti lisilokunjika limekunjika,
ametia mkono kwenye mlango wa tanuri
mpaka kwenye kiwiko, kama mkunga.
Mwatima akafungua mdomo, akaufunga.
Mkono ukatoka na masizi. Mama akaunusa.
"Mikoko," akasema.
"Mwaka ule meli ya makaa ilichelewa."

Nikauliza mfereji uko wapi, anawe.
Mwatima akacheka kicheko cha mtu asiye na raha.
"Hapa? Tangu Jumatatu haujatoa hata tone.
Lipo dumu moja, tumenunua la gari."
Akaleta kikombe, kimejaa nusu.
"Kiache," mama akamwambia, "utasugulia shaba."

Usiku, Kwahani, mfereji wa uani umekohoa.
Upepo kwanza. Kisha upepo na kutu.
Nimesimama na ndoo, miguu mitupu, nikiwa sina imani,
nimeuegemea ukuta bila ya kukusudia,
na ukuta, mbali huko ndani, ulikuwa na kitu.
Labda pampu ya jirani. Labda moyo wangu.
Ndoo ikapata vidole vitatu.

"YAMEKUJA?" mama kapiga ukelele kutoka chumbani,
sauti ambayo sijapata kuisikia kwake,
na kabla sijamjibu
nikasikia madumu yakigongana, nyumba hii, nyumba ile,
milango ikifunguliwa mtaa mzima.